Jezi Yenye Manyoya

12 Agosti

Mwanangu Kiungo,

Kabla sijaenda mbali, ujue sisi wazima. Mgongo unaniuma, lakini hayo ni maumivu ya cherehani, si ugonjwa. Mdogo wako amepandishwa cheo pale hospitali, sasa ndiye anayewaamrisha wenzake watandike vitanda, na akirudi nyumbani anatuamrisha na sisi. Bati la jikoni limezibwa. Kinyozi anakusalimu, anasema kile kiti ulichokuwa ukikikalia kunyolewa bado hakijafa.

Nimepata habari kwamba umehama tena. Timu ya nane! Wako watu mtaani humu hawajavuka hata barabara ya stendi, na mwanangu anabadilisha nchi kama watu wanavyobadilisha shuka. Ulianza na ile ya zambarau, ikaja ya kijani, ikaja nyeupe iliyonimaliza kwa sabuni, ikaja ile ya mistari ambayo nusu ya mtaa ilivaa mistari ya kusimama na nusu ya kulala kwa sababu kitambaa hakikutosha. Zote nimezishona mimi, zote mtaa umezivaa, na kila Jumamosi tunajaa kwa kinyozi mbele ya televisheni kama jeshi. Hakuna mchezaji mwingine duniani ambaye mtaa mzima unahama naye.

Mdogo wako ananiambia, "Mama, si umpigie simu tu?" Simu ya nini? Simu ukishakata imekwisha, utamwonyesha nani? Barua naisoma kibarazani kwa sauti, na asiyeamini nampa aushike muhuri wa posta wa huko kwa vidole vyake.

Kwa hiyo nijibu kama kawaida: jezi ikoje? Rangi, shingo, mikono, na chochote cha ziada. Usiruke kitu. Mwaka ule ulisahau kuniambia mstari wa begani, Mama Kipa akatangaza kwamba tunashangilia timu ya nguo za ndani. Yule mama kwa sababu mwanawe ni kipa wa timu ya kiwanda, basi anadhani naye ana mchezaji.

La mwisho ndilo kubwa. Mwaka wa kumi na moja huu hujaukanyaga mlango huu. Kila nikikuita unasema, "Nikimaliza msimu mmoja mzuri." Safari hii nimewaambia watu kwamba msimu ukiisha unarudi nyumbani. Nimelisema kwa sauti, mbele ya watu, kwa hiyo haliwezi tena kurudi mdomoni.

Mama yako anayekuombea magoti.


20 Septemba

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo lina mambo yake. Baridi imeanza. Nakaa chumba cha juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikizunguka kule chini, kitanda nacho kinatembea, asubuhi naamka niko mlangoni. Mpe hongera mdogo wangu, mwambie mimi asiniamrishe, niko mbali.

Umeniuliza jezi. Hukunilea kwenye uongo, kwa hiyo najibu nilichoulizwa. Ni ya manjano. Si manjano ya limau, ni ya kiini cha yai. Ni pana sana, inanifika magotini. Ina manyoya mwili mzima. Kwa nyuma, chini ya kiuno, kuna kitu kimechomoza kama kiganja kilichofunguliwa. Viatu ni vya rangi ya chungwa, vipana kuliko vyovyote nilivyowahi kuvaa. Kuna na kofia, ila hiyo nitakueleza siku nyingine.

Kazi inaendelea. Kocha hanifokei hata kidogo. Niko pembeni mwa uwanja zaidi kuliko katikati. Nafanya kazi dakika zote tisini, na wakati wa mapumziko ndipo nafanya zaidi. Watoto wanapanga mstari kunikumbatia. Pamoja na baridi hii, natoka jasho ambalo sikuwahi kulitoa katika timu yoyote.

Ligi hii haionyeshwi huko kwetu, msijisumbue kuitafuta.

Kuhusu kurudi, tutaona. Kwanza niumalize msimu huu vizuri.

Mwanao.


15 Oktoba

Mwanangu, roho yangu, Kiungo wa dunia,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake. Mdogo wako mzima, mimi mzima, mtaa unapiga chafya lakini mzima. Nitakueleza kwa nini.

Barua yako nimeisoma kibarazani mpaka sauti ikakauka, akatumwa mtu maji, nikaendelea. Nilipofika pale pa mapumziko nilisimama kwanza nikawatazama watu. "Mmesikia? Wenzake wanapumzika, yeye hawamwachi! Timu nzima inamtegemea hata mpira ukiwa umesimama!"

Mama Kipa akauliza, "Sasa hapo anacheza na nani?"

Nikamwambia, "Wewe ungejuaje? Wako mapumziko yakifika anakuwa ameshachoka kuokota mipira wavuni."

Jezi imetutoa jasho. Tulikaa kikao. Manyoya ya nini? Kinyozi, ambaye magazeti yote ya wateja anayasoma yeye, akatufungua macho: nchi za baridi nguo huwa na manyoya, viatu vipana ni kwa sababu ya matope, na hicho kiganja cha nyuma ni cha kumshikilia mchezaji asianguke akigeuka ghafla. Tukaona mantiki. Muuza kuku wa kona akanitolea magunia ya manyoya, nikayachemsha, nikayaanika, nikayatia rangi ya kiini cha yai kama ulivyosema, nikaanza kubandika moja moja. Mwanangu, nimeshona suti za maharusi, nimeshona sare za shule, nimeshona mapazia ya benki. Kazi kama hii sijawahi kuiona. Viatu nimevikata kwenye godoro la wageni, maana wageni wenyewe hawaji.

Sasa mtaa mzima uko tayari. Kinyozi ameipenda yake mpaka ananyolea nayo. Mteja anatoka pale na manyoya mengi kuliko nywele alizoingia nazo.

Na usiwe na wasiwasi kuhusu televisheni! Fundi amekuja akaligeuza dishi la kinyozi likatazama ukuta wa shule, na kumbe huko ndiko ligi yenu ilikokuwa imejificha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa mbele yako wote.

Ile kofia umesahau kunieleza.

Mama yako mwenye vidole vya manjano.


29 Oktoba

Shikamoo Mama,

Naandika haraka. Hii usiisome kibarazani. Mwambie kinyozi alirudishe dishi lilivyokuwa. Mwambie litaharibika, mwambie lolote.

Mama, zimeshashonwa ngapi?

Mwanao.


8 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya haraka imenifikia leo, na mechi tuliitazama Jumamosi, kwa hiyo posta ndiyo ya kulaumiwa.

Habari za nyumbani ni nzuri. Mdogo wako ana mchumba, anamwita "rafiki wa kazini", na mimi namwita hivyo hivyo. Mvua imenyesha. Cherehani imepata mkanda mpya.

Kuhusu hiyo Jumamosi. Tulikwenda mapema ili tukae, maana kukaa kwenyewe kulikuwa kazi, kile kiganja cha nyuma hakitaki kiti. Wenye benchi walikaa upande upande, wengine wakasimama. Saluni nzima ya manjano, manyoya yanaruka kwenye feni. Mama Kipa hakuvaa, alikuja kusimama mlangoni na karanga zake.

Timu zikaingia. Moja nyekundu, moja ya bluu.

Kinyozi akasema, "Labda tumekosea chaneli." Mtangazaji akaitaja timu yako, ni ile ya bluu. Kinyozi akasema, "Basi manjano ni ya mechi za ugenini." Mtangazaji akasema wako nyumbani. Kinyozi akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Ndipo kamera ikaenda pembeni mwa uwanja. Palikuwa na bata. Bata mkubwa, mrefu kama mtu, manjano ya kiini cha yai, miguu ya rangi ya chungwa, anacheza dansi na watoto. Manyoya mwili mzima. Nyuma kiganja.

Mama Kipa akatafuna, akameza, akasema, "Jamani, yule mmoja naona mmeshona naye kitambaa kimoja."

Hakuna aliyecheka, walichoka hata kucheka. Walinitazama mimi. Mimi nilikuwa namtazama bata. Watoto walipomwachia, alisimama akashika kiuno kwa mkono wa kushoto na kujipigapiga pajani kwa wa kulia, hivi, kama mtu anayesubiri apakuliwe. Mtu mmoja tu duniani husimama hivyo, na alianza kusimama hivyo jikoni kwangu kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nikasimama nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu kwa kitambo. Halafu kinyozi akasimama, nadhani kwa adabu tu, akapiga. Wakasimama wote. Ilikuwa mechi nzuri sana.

Wewe hatukukuona. Kamera za huko ni mbovu.

Ila kwa kuwa mnafanya kazi mahali pamoja, ukimwona huyo bata mpe salamu zangu. Mwambie ana mwendo mzuri, kuliko bata wote ninaowajua. Mwambie asipandishe lile bega la kulia, litamchosha. Na mwambie avae kitu cha pamba ndani, jasho likimkaukia mwilini ataugua kifua, na sidhani kama huko ana mtu wa kumkanda.

Mama yako.


19 Desemba

Shikamoo Mama,

Salamu nimempa. Anasema ahsante. Bega ameshusha.

Mwanao.


22 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi, nikaisoma kibarazani kwa kuirudia ili iwe ndefu.

Rafiki wa kazini amekuja kujitambulisha. Ana masikio makubwa na heshima kubwa. Alipoingia alituona tumevaa manyoya, maana ilikuwa Jumamosi, hakuuliza neno. Nimemkubali hapo hapo.

Mtaa sasa haumwachi yule bata. Mwanzoni walikuwa wanamtazama kwa kunionea huruma, nikawaona. Lakini yule bata ana kazi yake! Siku ile mliyokuwa mnafungwa, mashabiki wenu wameinamisha vichwa, yeye akalala chali katikati ya njia akagoma kuinuka mpaka waimbe. Wakaimba! Nyinyi mkasawazisha! Kinyozi alipiga kelele mpaka akamchora mteja njia ya panya kichwani. Sasa watu wanabishana mpira ukienda upande wa pili: "Rudisha kamera kwa bata! Tumeshauona mpira!"

Mama Kipa alivumilia wiki kadhaa, halafu akanijia hadi kwenye cherehani, kibaraza kimejaa wateja. Akavuta kiti. "Shoga, tusifichane. Yule bata si mwanao?"

Mwanangu, kila jicho liko kwangu. Nikapitisha uzi kwenye sindano, ukaingia kwa mara ya kwanza, nikajua niko sawa.

Nikamwambia, "Mwanangu akiwa bata, uwanja mzima unasimama. Wako juzi amefungwa matano akiwa mtu."

Kibaraza kiliporomoka kwa kicheko. Tangu hapo hanisalimii, lakini Jumamosi nilimwona pale mlangoni na unyoya mmoja nyuma ya sikio.

Sasa nisikilize. Mwulize huyo bata kama ana mama. Mwulize kama mama yake anajua kwamba anashuka ngazi za jukwaani kwa ubavu, kama mtu ambaye goti haliko tena. Akikwambia hajui, mwambie anajua. Mwambie msimu ukiisha arudi kwao.

Mama yako.


14 Machi

Shikamoo Mama,

Hii isome peke yako, ukimaliza kazi, mlango ukiwa umefungwa.

Bata ni mimi. Najua unajua. Lakini wewe umelikwepa kwa ajili yangu na mimi nikalikwepa kwa ajili yako, na sasa tumefika mahali ambapo natumiana salamu na mimi mwenyewe.

Goti lilikatika wiki ya pili ya mazoezi, mguu wa mtu haukuwepo hata karibu. Niligeuka tu. Daktari alisema mpira basi. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na meneja ni mtu asiyependa kitu kikae bure, akaniuliza kama naweza kucheza dansi. Bata wa zamani alikuwa amepata kazi benki. Nikasema nitajaribu kwa mwezi mmoja. Sikukwambia uongo hata siku moja, Mama. Nilijibu nilichoulizwa, na ile kofia ni kichwa cha bata.

Nimecheza timu saba nchi saba. Kila mahali nilikuwa yule anayepokea mpira kwa huyu na kumpa yule. Hakuna aliyewahi kuniimba. Nilipoingia ndani ya bata ndipo watu elfu kadhaa wakajua kuniita, na hata hao hawajui jina langu, wanaita "Bata!"

Sasa nikueleze ya Jumamosi, kama dishi halikuwaonyesha. Ilikuwa imebaki kidogo mechi iishe. Mpira ukaja pembeni, ukanijia miguuni. Mama, sikufikiri. Mwili ulikumbuka kabla yangu. Nilimwona mshambuliaji wetu anakimbia upande wa pili wa uwanja, nikaupiga kwa kile kiatu cha bata. Ulipita juu ya vichwa vyote ukamshukia kifuani kama mtoto aliyelazwa. Akafunga. Katika miaka yote sijawahi kupiga pasi kama ile.

Mwamuzi alikataa goli, akanijia mbio na kadi nyekundu. Akainyoosha mbele ya mdomo wa bata. Nahodha wetu akamwuliza, "Unamtoaje mtu ambaye hayumo?" Mwamuzi akasema, "Basi naanza kwa kumwingiza." Akaniandika kwenye kijitabu kama mchezaji wa kumi na mbili, halafu akanitoa. Chama cha ligi kikakaa kujadili kama bata ni mchezaji. Wakasema ndiyo, na kwamba hakusajiliwa. Jumatatu klabu ikanifukuza.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Nimepata kazi ya kupakia maboksi ghalani, nyuma ya stesheni. Ulisema narudi msimu ukiisha, nami najua umelisema kwa sauti. Lakini nitarudi kama nani? Mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa ameshindwa mpira. Mimi hata ubata umenishinda. Waambie nimepata timu ya tisa, mbali zaidi, ambako hakuna televisheni. Wachagulie rangi unayoipenda wewe.

Mwanao.


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma peke yangu, mlango umefungwa. Mdogo wako akagonga, nikamwambia najaribisha nguo.

Dishi lilionyesha. Unadhani tulikuwa wapi? Ulipopiga ile pasi hakuna aliyebaki kwenye kiti. Kinyozi aliangusha mashine. Mama Kipa, mlangoni pale, akasema kwa sauti ambayo hakuikusudia, "Pasi hiyo!" Halafu akafunga mdomo, lakini ilikuwa imeshatoka. Na ilipotolewa ile kadi, mtaa mzima ulitoka nje kuandamana. Tulikwenda hadi mwisho wa barabara, tukiwa na manyoya yetu, tukamkuta askari wa barabarani. Akauliza tunadai nini. Kinyozi akasema, "Bata kaonewa." Askari akatazama, akasimamisha magari, akatupisha.

Unaniuliza utarudi kama nani. Mimi nimeshona miaka mingi, na nguo ikikataa mwili nabadilisha nguo, sijawahi kumrudisha mteja akatafute mwili mwingine. Unasema niwachagulie rangi. Sichagui. Timu ya tisa sitaishona. Umesema hukuniambia uongo hata siku moja, na unataka nianze kukusemea mimi?

Nimejisifu, sikatai. Nitaendelea kujisifu, maana ndiyo raha yangu na wala haimwamshi mtu usingizini. Lakini nilijisifia wewe. Zile timu zilikuwa nguo tu. Niliwaambia watu kwamba mwanangu anarudi. Hakuna aliyeniuliza anarudi na nini. Njoo na begi.

Kuna jambo linanisumbua kuliko kadi yako. Juzi nimenunua kitambaa, cha kawaida, kisicho na timu, nikasema nimshonee mwanangu shati la kuvaa nyumbani. Nikakitandika mezani, nikashika mkasi, nikasimama. Sijui mabega yako. Nimepima kila mgongo ulioko mtaani humu, hata wa Mama Kipa naujua kwa kichwa, na wa mwanangu siujui. Nilijaribu kukumbuka kutoka kwa yule bata, lakini bata yule alikuwa mpana pande zote. Nikakaa chini pale pale kwenye mabaki ya manyoya.

Siwezi kukata kwa kubahatisha. Njoo upimwe.

Mama yako.


2 Mei

Shikamoo Mama,

Nimeaga ghalani. Msimamizi aliniuliza naenda timu gani, nikamwambia naenda kupimwa shati, akanitakia heri.

Meneja wa klabu amenipa kile kichwa cha bata. Bata mpya kinambana. Sikuwa na moyo wa kukikataa, niko nacho kwenye begi la mkononi, na pale mpakani afisa ataniuliza maswali.

Nafika Jumapili ya tarehe kumi na saba, basi la asubuhi. Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie mtu. Nataka kuingia kimya kimya, nikae kwanza jikoni kwako.

Mwanao.


17 Mei, mapema

Mwanangu,

Anayekupa karatasi hii mlangoni mwa basi ni kinyozi. Usimlaumu kwa alivyovaa.

Sikumwambia mtu. Nilikaa na barua yako bila kuitoa kibarazani. Waliniuliza, "Kiungo kaandika nini?" Nikanyamaza. Wakauliza hicho kitambaa mezani ni cha nani. Nikanyamaza. Sasa wewe unaujua mtaa huu. Umewahi kuniona mimi nimenyamaza? Siku hiyo hiyo wakaanza kuzifua jezi, na leo hata jogoo hajakohoa walikuwa wameshatoka.

Wako nje ya stendi wote, wa manjano, na manyoya yamebandikwa upya. Rafiki wa kazini amejishonea mwenyewe, vibaya. Usirudi ndani ya basi. Mama Kipa ndiye aliye mbele, naye kiganja cha nyuma amekibandika upande, asiguswe na mtu, nitamrekebisha mimi. Kama kile kichwa ulifanikiwa kukivusha, mpe yeye akivae. Anakitaka kufa kupona, lakini hawezi kusema.

Mimi sikuja. Watu wakiniona nalia watasema hata shati sikuweza kumshonea mwanangu bila makelele. Niko jikoni, futi iko shingoni. Shuka, pita katikati yao, uje unyooke mbele yangu, mikono chini, nikupime.

Mama yako.